Filta za nanomita 3 kwenye Nebula ya Tambi: niliyoyaona baada ya saa 36

Nimekaa na filta hizi miezi mitatu kabla ya kuandika neno. Usiku wa kwanza kila filta mpya ni nzuri: unaielekeza kwenye Nebula ya Orion, inang'aa, unafurahi, unaenda kulala. Mimi nilitaka kuzipima kwa kitu kisichomhurumia mtu, nikachagua Simeis 147, mabaki ya supanova (mlipuko wa nyota) ambayo wapiga picha wa anga wanayaita Nebula ya Tambi kwa jinsi nyuzi zake zilivyosokotana. Filta zenyewe ni mbili, ya hidrojeni (H-alfa) na ya oksijeni (OIII), kila moja ikiwa na upana wa nanomita 3, yaani inapitisha ukanda mwembamba sana wa rangi na kuzuia mwanga mwingine. Jina la kiwanda sitalitaja. Lawama niliyo nayo huenda inahusu vioo vyangu viwili tu, na si haki kumchafulia mtu jina kwa ajili hiyo.

Kwanza niseme kwa nini nebula hii. Iko mpakani mwa makundinyota ya Ng'ombe na Auriga, jirani na Elnath, ile nyota ya ncha ya pembe ya Ng'ombe. Angani upana wake ni digrii 3 hivi; ungeweza kupanga miezi mipevu sita kwa safu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Pamoja na ukubwa wote huo, jicho haliioni, hata kwenye giza totoro, kwa sababu mwanga wake mchache umetandazwa eneo kubwa mno. Nyota iliyoizaa ililipuka makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, umbali wa takriban miaka ya nuru 4,000 kutoka hapa, na iliacha pulsa (kiini cha nyota kilichobanwa, kinachozunguka kwa kasi) iitwayo PSR J0538+2817. Grigory Shajn na Vera Gaze waliigundua mwaka 1952 huko Simeis, Crimea, walipokuwa wakipiga picha za anga katika mwanga mwekundu wa hidrojeni. Yaani tangu siku ya kwanza hiki ni kitu cha filta. Ukiiondoa filta, unabaki na uwanja wa nyota tu.

Vifaa vyangu ni vya kawaida. Darubini ina lenzi ya milimita 51 na urefu wa fokasi wa milimita 250, yaani f/4.9 (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa lenzi; namba ikiwa ndogo, darubini ina kasi zaidi). Kamera ni ya nyeusi na nyeupe, sensa yake (kipande kinachopokea mwanga) milimita 23.5 kwa 15.7, pikseli za maikromita 3.76. Ukipiga hesabu, fremu inabeba digrii 5.4 kwa 3.6, na nebula yote inaingia bila kuunga vipande. Hidrojeni niliipa saa 14. Oksijeni niliipa saa 25, nikatupa picha 18 zilizoharibiwa na mawingu mepesi na upepo, zikabaki 132 za dakika kumi kumi, saa 22.

Filta zilikuja kwenye visanduku vyake, kila moja na karatasi ya grafu iliyopimwa kwa kioo hicho hicho, si grafu ya mfano wanayochapisha kwa wote. Hilo nalisifu kwa moyo mweupe, kwa sababu kwenye upana wa nanomita 3 hakuna nafasi ya kubahatisha. Mstari wa hidrojeni, yaani ile rangi moja mahsusi inayong'aa nayo, uko nanomita 656.3. Grafu ya H-alfa yangu inaonyesha kilele kimesogezwa kidogo sana upande wa wekundu, na aliyefanya hivyo anajua kazi yake. Mwanga unaotoka kwenye lenzi hauifikii filta wima wote. Ule wa pembeni unaingia kimshazari, na filta za aina hii zikipokea mwanga wa mshazari husogeza dirisha lao upande wa buluu. Kwa f/4.9 mwanga wa ukingoni kabisa unasogea kama nanomita 0.8, bado uko ndani. Kwa darubini ya f/2 unasogea karibu nanomita 5, na hapo filta ya 3 inakuwa imefunga mlango mbele ya mwanga unaoutafuta. Mwenye darubini ya kasi hiyo asinunue hizi. Atafute zilizotengenezwa mahsusi kwa f/2.

Sasa, nilichonunulia. Nilikuwa na filta ya H-alfa ya nanomita 7 kwa miaka minne, na haikuwa mbaya. Usiku mmoja usio na mwezi nilizipishana: picha kumi na mbili za dakika tano kwa ile ya zamani, kumi na mbili kwa hii mpya, darubini haijaguswa isipokuwa fokasi. Mwanga wa anga nyuma ya nebula ulishuka hadi chini kidogo ya nusu, kama hesabu ya 3 juu ya 7 inavyotaka. Maana yake ni kwamba pale anga lenyewe linapokuwa ndilo adui, saa moja ya hii inafanya kazi ya saa mbili na theluthi za ile. Nyota nazo zilinywea, zikawa vitone vidogo vilivyotulia, na nyuzi nilizokuwa nazikisia tu zikajitokeza zikiwa na mwanzo na mwisho. Niliziweka picha mbili kando kwa kando kwenye kioo cha kompyuta nikabaki nazitazama muda mrefu. Ilikuwa sehemu ya upande wa kusini wa ganda, ambako uzi mmoja mnene kwenye picha ya zamani uligeuka kuwa nyuzi tatu zinazopishana kwenye mpya.

Lakini kuna kitu unakipoteza, na wauzaji hawakisemi. Kando ya hidrojeni, kwenye nanomita 658.4, upo mstari wa naitrojeni, na mabaki ya supanova mara nyingi huutoa kwa nguvu. Filta ya 7 inaupitisha bila kukuuliza. Ya 3 inauzuia karibu wote. Kwa hiyo sehemu ya mwangaza uliozoea kuuona kwenye picha za zamani haikuwa hidrojeni, na ukibadilisha filta itatoweka. Mimi nimeridhika, kwa sababu napenda ninachokiita hidrojeni kiwe hidrojeni. Anayetaka tu nebula ing'ae, aliwaze hili kabla ya kutoa pesa.

Niliwahi pia kuwa na wasiwasi kwamba ganda linalotanuka litatoka nje ya dirisha jembamba kiasi hiki, maana upande mmoja wa ganda unatujia na mwingine unatukimbia. Ondoa wasiwasi. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa sekunde mstari wa hidrojeni unahama kama nanomita 0.2 tu.

H-alfa basi sina la kuilalamikia. Niliitumia hata mwezi ukiwa nusu, na nyuzi zilikuja. Ingekuwa inauzwa peke yake ningeandika aya mbili nikamaliza.

Oksijeni ndiyo inayopima filta. Mstari wake mkuu uko nanomita 500.7, katikati ya buluu na kijani, mahali ambapo mbalamwezi husambaa kwa wingi, na kwa nebula hii ni mwanga dhaifu kuliko ule wa hidrojeni kwa mbali sana. Mstari wa pili wa oksijeni, 495.9, wenye theluthi ya nguvu ya ule mkuu, haumo kwenye dirisha la nanomita 3 kabisa. Unafanya kazi na robo tatu ya kile ambacho nebula inakutumia. Picha moja ya dakika kumi, hata ukiivuta mwanga kwa nguvu zote, haionyeshi chochote isipokuwa chengachenga na nyota. Nilipiga usiku mitatu mizima kabla sijaona dalili ya utando wowote, na nakiri kwamba usiku wa pili nilifikiri filta ni mbovu.

Haikuwa mbovu. Ila ilikuwa na shida mbili, na ya kwanza ilinichukua wiki nzima kuielewa.

Kioo hiki hakina fremu ya chuma, ni duara tupu la milimita 36, unene milimita 2, na kingo zinapaswa kupakwa rangi nyeusi ili mwanga usiingie kwa ubavuni. Za H-alfa zimepakwa vizuri, nene, sawasawa pande zote. Za OIII zilikuwa na sehemu yenye urefu kama wa ukucha wa kidole gumba ambako rangi ilikuwa imebanduka. Sikuiona nilipoifungua. Niliiona baada ya picha kuanza kuonyesha mchirizi hafifu wa mwanga kona ya juu kulia, ule ule, mahali pale pale, hata nilipozungusha kamera. Mchirizi unaozunguka pamoja na kamera hautoki angani. Nilifungua gurudumu la filta, nikakishika kioo kwa glavu chini ya taa, nikakigeuza polepole, na ukingo ukamemeta. Nilipaka kwa kalamu ya wino mzito mweusi, tabaka mbili, nikiacha la kwanza likauke. Mchirizi uliondoka na haukurudi. Nilipomwandikia muuzaji alijibu siku hiyo hiyo, akanitaka nirudishe nipewe nyingine. Nilikataa kwa sababu nilikuwa katikati ya mfululizo wa picha na sikutaka kuchanganya vioo viwili. Kwa huduma simdai kitu. Kwa ukaguzi kabla ya kufunga kisanduku, ndiyo, namdai.

Shida ya pili ni Elnath. Ukiiweka nebula katikati ya fremu yangu, Elnath inabaki nje kidogo ya ukingo wa magharibi, digrii 3 pungufu kidogo kutoka katikati. Niliisogeza fremu makusudi ili iingie ndani. Nyota angavu, ya rangi ya samawati, iliyojaa mwanga wa nanomita 500: hakuna mtihani mgumu zaidi wa filta ya oksijeni. Kwenye picha ya kwanza niliona maduara mawili ya mwanga kuizunguka. Moja kubwa mno, hafifu, pikseli kama 2,700, karibu nusu ya upana wa fremu. Jingine dogo, kali, pikseli 145.

Haya maduara yanasema yalikotoka, ukiyapima. Mwanga unaorudi nyuma na kuja tena unasafiri njia ya ziada, na upana wa duara ni njia hiyo ukiigawa kwa f. Duara la pikseli 2,700 ni milimita 10 hivi. Ukizidisha kwa 4.9 unapata milimita 50, mara mbili ya milimita 25 zilizoko kati ya filta na sensa yangu. Basi mwanga ulikuwa unaruka kutoka kwenye sensa, unagonga uso wa filta, unarudi. Nilikuwa nimeiweka filta kinyume: upande unaong'aa kama kioo cha kujitazamia ulikuwa unaielekea kamera. Nikaigeuza ukaielekea lenzi, na duara kubwa likafifia kiasi kwamba silioni tena hata kwenye rundo la saa 22, picha zote zikiunganishwa kuwa moja. Karatasi ya maelekezo haikusema chochote kuhusu upande. Mshale mdogo ungetosha.

Duara la pikseli 145 halikutetereka. Ni milimita 0.54, na ukirudi nyuma kwa hesabu ile ile, ukikumbuka kwamba kioo hupinda mwanga, unaangukia kwenye unene wa kioo chenyewe, milimita 2. Huu ni mwanga unaoruka ndani ya filta, kati ya uso wake wa mbele na wa nyuma, na hakuna unachoweza kuufanyia kwa bisibisi wala kwa wino. Ni tabia ya filta. Kwa nyota za kawaida halionekani. Kwa Elnath linaonekana wazi, na kwenye nyota nyingine mbili tatu zenye mng'ao linaonekana ukilitafuta. H-alfa ya kiwanda hicho hicho, nyota ile ile, haina duara kama hilo. Kwa hiyo wanajua kulizuia. Upande wa oksijeni hawajafika.

Jambo jingine dogo la vitendo: picha za mwanga sawa, zile za kusahihisha vumbi na giza la kona. Paneli yangu ni ya taa nyeupe za LED, na taa hizo hupungukiwa na mwanga pale kati ya buluu na kijani. Ukiongeza na wembamba wa filta, picha iliyokuwa ikinichukua sekunde moja ilitaka karibu ishirini. Hakuna madhara, panga tu muda wake. Na usizipuuze: kwenye kitu hafifu hivi, alama ya punje moja ya vumbi inang'aa kuliko nebula.

Kwa kusindika nilitumia programu ya Siril, ambayo ni ya bure na inatosha kabisa kwa kazi hii. Kurundika picha 132 na kuacha programu itupe michirizi ya satelaiti ni jambo la kubonyeza na kusubiri. Ugumu unakuja kwenye kuondoa mteremko wa mwanga wa anga. Programu inapojichagulia yenyewe vituo vya kupimia, inaviweka juu ya utando wa oksijeni na kuufuta ikidhani ni anga, kwa sababu nebula imejaa karibu fremu nzima. Nilivifuta vituo vyote nikaviweka kwa mkono, kumi na moja tu, kwenye kingo ambako picha ya hidrojeni ilinihakikishia hakuna kitu. Kisha nikaziondoa nyota kwa programu ya StarNet, nikavuta mwanga polepole, mara sita kidogo kidogo badala ya mara moja kwa pupa. Hidrojeni ikaenda kwenye nyekundu, oksijeni kwenye kijani na buluu. Hapo ndipo duara la Elnath likaniletea kazi: StarNet iliondoa nyota ikaacha duara, na ilinibidi nilifunike kwa mkono.

Nawasihi wenzangu jambo moja kuhusu programu za kuondoa chengachenga. Kwenye mwanga dhaifu kiasi hiki zinachora nyuzi ambazo hazipo, na nyuzi hizo zinapendeza. Niliyagawa yale mafungu ya oksijeni mawili, picha 66 na 66, nikayasindika kila moja peke yake kwa hatua zile zile, kisha nikalinganisha. Uzi uliopo kwenye yote mawili niliubakiza. Kuna upinde mmoja upande wa mashariki, mwembamba, umejikunja vizuri, nilikuwa nimeshaupenda na kumwonyesha rafiki. Kwenye fungu la pili haukuwepo. Niliufuta.

Kilichobaki baada ya hapo ni kidogo kuliko nilivyotamani, lakini ni cha kweli. Utando wa samawati umekaa mahali pake wenyewe, haufuati nyuzi nyekundu, na kuna sehemu umejaza nafasi tupu kati yake. Hilo lina sababu. Oksijeni hung'aa hivi pale wimbi la mlipuko linapogonga gesi kwa kasi ya kutosha kuichoma vikali. Hidrojeni inaendelea kung'aa hata gesi ikishaanza kupoa nyuma ya wimbi. Ukiona picha ambayo samawati imelala juu ya nyekundu kila mahali bila tofauti, muulize mwenyewe ameisindika vipi.

Hukumu yangu basi. H-alfa inunuliwe, na mwenye filta ya 7 ataiona tofauti usiku wa kwanza, ilimradi darubini yake iko f/4 au polepole zaidi. OIII ningeinunua tena kwa nebula zisizo na nyota kali jirani. Kwa Simeis 147 ningeisogeza fremu mashariki kidogo ili Elnath ibaki mbali, na ningeikubali kwa masharti hayo. Hazipunguzi saa unazotakiwa kukaa nje. Mtu mwenye usiku mmoja kwa mwezi afanye hidrojeni peke yake aipe muda wake wote. Picha ya rangi moja iliyoshiba ni bora kuliko ya rangi mbili yenye njaa.

Ya salfa nimeshaiagiza, kwa kiwanda hicho hicho, nanomita 3. Mistari yake miwili, 671.6 na 673.1, imetengana karibu nanomita moja na nusu, kwa hiyo dirisha likikosea kidogo tu mmoja unabaki nje. Kwenye oda nimeandika nitumiwe kwanza picha ya grafu yake na ya ukingo wa kioo, pande zote, chini ya taa.